Mbu wa jioni kwenye banda la mishkaki: njia ipi ya asili inafanya kazi kweli?

SWALI: Mtaalamu, shikamoo. Nauza chipsi na mishkaki nje ya nyumba hapa Mtoni Kijichi, Dar es Salaam, kuanzia saa 11 jioni mpaka saa 4 usiku. Mbu wananimaliza, na wateja wanakula huku wanajipiga makofi miguuni. Nina mtoto wa miaka 2 ninayekaa naye hapo bandani, na nina ujauzito wa miezi 5, kwa hiyo sitaki kemikali. Niliwahi kupaka losheni fulani ikaniwasha hadi nikatoka vipele. Nimeambiwa nipande mchaichai, nijipake mafuta ya karafuu na limau, nichome makumbi ya nazi. Mchaichai nimeshapanda, makopo 6 kuzunguka banda, ila sioni tofauti. Nifanye nini?

JIBU: Marahaba, dada yangu. Hongera kwa ujauzito na pole kwa hao wadudu. Mambo uliyoyataja huwa naulizwa kila mvua zikianza, kwa hiyo nitakujibu kimoja kimoja, na pale ambapo sikubaliani na ulivyoambiwa nitasema wazi.

Mchaichai kwanza. Harufu inayomkera mbu imo kwenye mafuta yaliyo ndani ya jani. Jani likiwa limetulia shinani, mafuta hayo hayatoki kwa wingi. Unayasikia ukilivunja, ukilifikicha viganjani au ukilitia kwenye maji ya moto. Ndiyo maana umezungukwa na makopo 6 na bado unaumwa. Kivumbasi kina nguvu kidogo hata kikiwa hakijaguswa. Watafiti wa ICIPE, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, huko Mbita, kando ya Ziwa Viktoria upande wa Kenya, waliweka kivumbasi kilichooteshwa kwenye vyungu ndani ya vibanda vya majaribio, na mbu wa malaria wakapungua kwa takriban asilimia 40. Majani ya mkaratusi wenye harufu ya limau walipoyaweka juu ya bati la moto, yapate joto bila kuungua, mbu walipungua kwa karibu robo tatu. Matokeo mazuri, lakini yalipatikana ndani ya kibanda chenye kuta. Wewe uko uwanjani, hewa inapita pande zote, harufu inaondoka kabla haijamfikia mbu. Kwa hiyo mimea iwe nyongeza. Kazi kubwa itafanywa na vitu vingine vitatu, navyo ni vya asili kuliko hata mchaichai: nguo, upepo na maji.

Kabla ya hapo tuwajue wanaokuuma, kwa sababu saa zako za biashara zinakukutanisha na zaidi ya aina moja. Kuanzia saa 11 mpaka giza linapoingia, anayekusumbua zaidi ni aedesi, yule mbu mweusi mwenye pete nyeupe miguuni. Huyo ndiye mwenye homa ya dengue, kidingapopo kama walivyoiita wazee wa pwani, iliyotutesa hapa Dar mwaka 2014 na tena 2019. Anaeneza pia chikungunya, na jina hilo ni la Kimakonde, maana ugonjwa huo ulielezwa kwa mara ya kwanza baada ya mlipuko wa kusini mwa nchi yetu mwaka 1952. Giza likishaingia anakuja kuleksi, mbu wa kahawia anayelia masikioni. Kwa mbu wa usiku wa mjini, huyo ndiye anayeongoza kwa wingi, na huku pwani ndiye anayeambukiza matende na mabusha. Anofelesi wa malaria hapa mjini ni wachache kuliko hao, lakini wapo, na utafiti uliofanyika Dar es Salaam ulionyesha kwamba huuma sana nje, si chumbani peke yake. Tena kwenu kuna mikoko. Ukiona umeumwa ukawashwa vibaya na mdudu hukumwona, huyo huenda ni kisubi kutoka kwenye tope la mikoko, na yeye ni mdogo kiasi cha kupenya matundu ya chandarua cha kawaida.

Sasa rudi kwa wateja wako. Umeandika kwamba wanajipiga makofi miguuni, na hapo ndipo penye jibu la kwanza. Mbu wengi wa jioni huruka chini chini. Jaribio moja la Afrika Kusini, watu wakiwa wameketi nje, lilikuta kwamba kwa aina moja ya anofelesi zaidi ya asilimia 90 ya kuumwa kulikuwa miguuni, kwenye vifundo na nyayo. Wenzetu wa Taasisi ya Afya ya Ifakara walilitilia maanani jambo hilo wakaanza kujaribu kandambili na viti vilivyotiwa dawa. Wewe huhitaji kandambili maalumu. Vaa soksi nene na viatu vya kufunika, kuanzia saa 11, kabla hujawasha jiko. Juu vaa dera pana au suruali pana, kwa sababu khanga iliyokubana mbu anapitisha mdomo wake kama haipo, lakini nguo ikiachana na ngozi hafiki. Chagua rangi nyeupe au ya maziwa. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, walionyesha kwamba aedesi akishanusa pumzi ya mtu huvutwa na nyekundu, rangi ya machungwa na nyeusi. Kama aproni yako ni nyekundu, ibadilishe.

Jibu la pili ni feni. Najua utasema umeme ni gharama, lakini kwa pesa utakayotoa sijui kitu kinachofaa kama hicho kwa mtu anayekaa sehemu moja jioni nzima. Mbu ni mrukaji dhaifu. Anakutafuta kwa kufuata hewa unayopumua na harufu ya jasho lako, kama mtu anayefuata harufu ya mishkaki kutoka barabarani. Feni inaitawanya harufu hiyo na papo hapo inamyumbisha njiani, na kisubi, ambaye ni mdogo zaidi, ndiye anayeshindwa kabisa. Kosa ninaloliona kwenye mabanda mengi ni feni kuinuliwa juu ipulize nyuso. Ishushe. Iwe ya kusimama au ya mezani, iweke ipulize chini ya meza, usawa wa magoti kwenda nyayo. Iwe upande wa pili na jiko, ili isipeperushe majivu na cheche, na waya wake usipite pale unapomwaga maji. Feni moja inatosha meza moja au mbili zilizokaribiana, basi wakati wa wateja wachache waketishe huko.

Jibu la tatu ndilo ninalotaka ulifanyie kazi kuliko yote, nalo ni maji.

Miaka kadhaa iliyopita niliitwa na mama mmoja wa Mbagala, biashara yake kama yako. Alikuwa ameshapulizia dawa mara tatu na mbu wanarudi. Nilimwomba tochi na bakuli jeupe. Nyuma ya banda kulikuwa na pipa la buluu la kuwekea maji ya kuoshea vyombo, amelifunika kwa gunia. Nilichota bakuli moja nikamulika. Maji yalikuwa yanacheza. Viluwiluwi vinaning'inia kichwa chini, mkia umegusa uso wa maji kama mtu anayevuta soda kwa mrija, na kivuli cha mkono wangu kilipopita vyote vikazama kwa mpigo. Nikamulika ubavu wa pipa. Pale maji yalipokuwa yamefika siku za nyuma palikuwa na mstari wa punje nyeusi ndogo, kama pilipili manga iliyosagwa. Akaniambia alidhani ni uchafu. Yalikuwa mayai ya aedesi, mamia kwa mamia.

Yashike mambo mawili kuhusu mayai hayo. Yanakaa makavu kwa miezi na hayafi, yakifikiwa na maji yanaanguliwa. Kwa hiyo kumwaga maji peke yake hakutoshi, lazima usugue ubavu wa pipa kwa brashi ngumu mpaka ule mstari utoke. Na kwa joto letu, kutoka yai mpaka mbu anayeruka ni kama siku 7 hadi 10. Ukichagua siku moja ya wiki, tuseme Jumamosi asubuhi, ukamwaga na kusugua kila chombo, unamkatisha njiani kabla hajaota mabawa. Tena aedesi haendi mbali, kwa kawaida hazidi mita mia chache kutoka alipozaliwa. Anayekuuma saa 12 jioni amezaliwa kwako au kwa jirani yako. Kwa hiyo mwendee jirani kwa maneno mazuri, mpelekee na sahani ya chipsi, mkague naye uwani kwake. Tafuteni tairi bovu, kopo la rangi, kifuu cha nazi, dafu lililotupwa, ndoo iliyopasuka, bomba la paa lililojaa majani.

Kuleksi wa usiku ana kwao kwingine: choo cha shimo, karo na mtaro wa maji machafu. Pita uangalie kifuniko cha karo kama kina ufa. Ufa wa upana wa kidole ni mlango wa maelfu. Uzibe kwa saruji. Bomba la kutolea hewa chooni lifunge wavu juu, na uutazame kila baada ya miezi michache kwa sababu jua huula. Kama shimo lenyewe lina maji yaliyotuama, nikukumbushe kazi iliyofanyika Makunduchi, Unguja, miaka ya mwisho ya 1980. Walimwaga vyooni punje nyepesi nyeupe, za aina ile inayofungashiwa televisheni. Zikaelea na kufanya tabaka juu ya maji, viluwiluwi vikakosa pa kupumulia na mbu wakakosa pa kutagia. Pamoja na dawa ya matende waliyopewa wananchi, mbu na maambukizi vilishuka sana. Hakuna sumu hapo hata tone. Naipenda sana kazi ile, na inanisikitisha kuona imesahaulika.

Maji usiyoweza kumwaga, kama dimbwi la nyuma ya nyumba au shimo la matofali, yana dawa yake, viuadudu vya kibaiolojia. Ni bakteria wa udongoni anayeua viluwiluwi vya mbu akishaliwa navyo, na hamdhuru mtu, kuku wala samaki. Kibaha tuna kiwanda chake kilichojengwa kwa ushirikiano na Kuba. Nenda serikali ya mtaa, mwombe afisa afya wa kata, umwambie dimbwi liko wapi. Na kama kuna mtu mwenye bwawa, aweke perege. Huko Kisii, Kenya, mabwawa ya samaki yaliyotelekezwa yalikuwa yamegeuka mashamba ya mbu. Yaliporudishiwa perege, viluwiluwi vya anofelesi vilipungua kwa zaidi ya asilimia 90 ndani ya majuma 15.

Nije kwenye mafuta ya kujipaka, na hapa naomba unisikilize vizuri kwa sababu ya hali yako. Mafuta ya karafuu yanafukuza mbu kweli. Yakiwa hayajachanganywa na kitu yamezuia mbu kwa saa 2 hadi 4 maabara. Lakini mafuta hayo, yawe ya karafuu zenyewe au ya makonyo, yakiwa makali hivyo yanaunguza ngozi, na ngozi yako imeshaonyesha kwamba ni nyepesi. Ukiyapunguza kwa mafuta ya nazi mpaka yasiunguze, nguvu nayo inapungua, utahitaji kupaka tena na tena jioni nzima. Kwa mjamzito na mtoto wa miaka 2, mimi siyashauri. Limau ni baya zaidi. Maji ya limau au ndimu yakikauka kwenye ngozi kisha jua likaipiga, yanaweza kutoa malengelenge na madoa meusi yanayokaa wiki nyingi, na wewe unaanza kazi jua likiwa bado linawaka. Kata limau kwa ajili ya mishkaki, kisha nawa mikono kwa sabuni.

Mafuta ya sitronela, ndugu wa mchaichai, yanasifiwa kupita uwezo wake. Jaribio lililochapishwa Marekani mwaka 2002 lilipima bidhaa nyingi kwa mikono ya watu, na zile za sitronela zilichoka kabla ya dakika 20. Mafuta ya soya asilimia 2 yalifika saa moja na nusu. Ya dukani yenye diiti (DEET), kemikali ya kufukuza mbu, asilimia 24 yalifika saa 5. Katika vya asili kimoja tu ndicho kinachokaribia hapo, nacho ni dawa inayotengenezwa kutoka mkaratusi wenye harufu ya limau, iliyochakatwa kiwandani. Hiyo inaweza kufika saa kadhaa, lakini ni kwa mtu mzima: mtoto wa chini ya miaka 3 asipakwe. Na usiichanganye na mafuta ya mkaratusi ya kujifukizia mafua, hayo ni kitu kingine.

Moshi wa makumbi hapana, dada. Unafukuza mbu, sibishi, bibi zetu waliutumia na wafugaji mpaka leo wanachoma kinyesi kikavu cha ng'ombe. Lakini wewe unavuta moshi wa mkaa saa 5 kila siku ukiwa na mimba, na mapafu ya mtoto wako bado madogo. Kuongeza moshi mwingine juu ya huo ni kulipa bei kubwa kuliko kuumwa. Hata zile dawa za mviringo za kuchoma ni moshi vilevile. Asili yake ni maua ya pareto, yale yanayolimwa nyanda za juu za Kenya na huku kwetu Iringa na Mbeya, ingawa siku hizi nyingi hutiwa dawa ya kutengenezwa iliyoiga pareto. Hilo la pareto nimelileta makusudi. Ua limeota shambani, halina kiwanda, na bado ni sumu kali ya wadudu. Kitu kuwa cha asili hakukwambii kama ni salama, na kitu kutoka kiwandani hakukwambii kama ni hatari.

Nasema hivyo kwa sababu naona umeapa kutogusa kemikali, na kwa mjamzito anayekaa nje usiku Dar es Salaam, mimi naogopa malaria kuliko losheni. Malaria kwenye ujauzito inashambulia kondo la nyuma, inaleta upungufu wa damu, mtoto anazaliwa na uzito mdogo. Diiti imejaribiwa kwa wajawazito karibu 900 mpakani mwa Thailand na Myanmar, nusu yao wakipaka kila siku kuanzia mimba ya miezi ya kati, na watoto waliozaliwa hawakuonekana na madhara. Losheni iliyokuwasha achana nayo kabisa, na chukua kopo lake uende nalo kliniki, mwonyeshe muuguzi maandishi ya viambato ili akuchagulie nyingine yenye kiambato tofauti. Ukipewa, jaribu kwanza tone moja ndani ya kiwiko, subiri mpaka kesho. Ikikubali, paka miguuni tu na kwenye mikono iliyo wazi, si chini ya nguo, na ukifunga banda uioshe kabla ya kulala. Huko huko kliniki, kama hujapewa chandarua chenye dawa na vidonge vya SP vya kukinga malaria kwa wajawazito, uliza. Ni haki yako, na ni bure.

Mtoto naye, saa 12 jioni awe ndani. Kama hakuna wa kumwangalia, mwekee mkeka nyuma yako mahali feni inapofika, umfunike kwa chandarua kilichotanda mpaka chini, mvishe suruali ndefu na soksi. Asipakwe mafuta yoyote makali ya mimea, hata kidogo, maana mikono yake inakwenda mdomoni na machoni. Na yeye au wewe mkipata homa, msingoje asubuhi mbili. Kapimeni siku hiyo hiyo. Kama kipimo cha malaria hakioni kitu na mwili unauma sana, mwambie daktari kwamba mnakaa nje jioni, afikirie dengue. Usinunue diklofenaki wala aspirini dukani, kwa sababu dengue ina tabia ya kuvujisha damu na dawa hizo huongeza hatari.

Bangili za kufukuza mbu, programu za simu zinazotoa mlio, kula vitunguu saumu: pesa yako iache mfukoni. Ile taa ya buluu inayokaanga wadudu ndiyo inayowadanganya wengi, kwa sababu inalia na sahani yake inajaa. Huko Delaware, Marekani, walihesabu walionaswa, matokeo yakachapishwa mwaka 1996: karibu wadudu 14,000, na wanaouma watu walikuwa 31.

Umeniuliza nini la kufanya, na sijasahau makopo yako 6. Usiung'oe mchaichai. Ila kesho, kabla hujafungua biashara, inua kila kopo utazame kisahani kilicho chini yake. Kama kina maji, chukua bakuli jeupe na tochi.